Wenzangu wa Shule Wako Wapi? Leo Nawajibu, Msije Mkasema Naringa

Haya, habari zenu ndugu zangu. Leo sijajipamba, nimetoka zamu ya usiku, kazi yangu ya kuhudumia wazee huku Uingereza, mnichukulie hivi hivi.

Swali ni lile lile. Niweke video ya bei ya maharage, niweke ya theluji, huko chini lazima mtu aandike, "Dada, wale uliosoma nao wako wapi?" Mwingine kaandika, "Wenzako wana vyeo serikalini, wewe unaosha vikongwe." Na kwenye video hiyo hiyo kuna aliyeniambia naringa kwa sababu nyuma yangu panaonekana friji kubwa. Jamani, friji ni la mwenye nyumba! Nikisema wenzangu wametoboa, mtasema nalalamika. Nikisema wamekwama, mtasema najiona. Semeni tu, ila leo nisikilizeni mpaka mwisho.

Sisi tulimaliza fomu siksi Februari 2010. Shule ya bweni, wasichana watupu. Jina la shule naliacha, kuna walimu bado wako pale na baadhi yao wananifuatilia humu, shikamooni. Aliyekuwa dada mkuu wetu ndiye kafungua grupu la WhatsApp mwaka huu, na udada mkuu wake haujamtoka mpaka leo. Kaweka sheria: kila anayeongezwa atume voisi ajieleze, tangu tulipoachana pale getini hadi anapolipwa mshahara sasa hivi, kama analipwa. Stika na maneno ya "Mungu ni mwema" havihesabiki.

Basi zile voisi nimezisikiliza kwenye basi, usiku, nikienda na kurudi kazini. Nilitegemea mambo ya kawaida, aliyekuwa wa kwanza yuko juu, wa mwisho yuko chini, au kinyume chake kama tunavyopenda kuhadithiana. Haikuwa hivyo. Ukiwapanga wote, kinachowatenganisha si kombi, yale masomo matatu ya fomu siksi tunayoyaita kwa herufi kama HGL au PCM, wala divisheni. Ni mwaka ambao mtu alitoka chuo.

Dada mkuu mwenyewe alikuwa HGL, na fomu siksi alipata divisheni tatu. Nimemwomba ruhusa niseme, kanijibu, "Sema, mimi tatu yangu imejenga." Akasoma ualimu, miaka mitatu, akamaliza 2013. Mwaka 2014 akapangiwa Rukwa, tena bila kumjua mtu. Wakati ule ualimu ulikuwa hivyo, unamaliza, unasubiri majina, unabeba godoro. Leo ni makamu mkuu wa shule, ana nyumba, na ana mume Dar es Salaam ambaye anamwona likizo kwa likizo, kwa sababu uhamisho umegoma. Katafuta mwalimu wa kubadilishana naye mpaka kachoka. Nani aliye Dar atake kwenda Sumbawanga?

Sasa mchukueni yule wa PCM. Huyu alikuwa akitufundisha hesabu usiku, tumejikunyata na tochi, matroni asituone. Ule ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa ule mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa kuomba vyuo vyote mahali pamoja. Akapata chuo, mkopo akakosa. Nyumbani hela hakuna. Akakaa mwaka mzima akiuza duka la mjomba, akaingia chuo 2011, uhandisi, miaka minne. Hesabuni wenyewe, anatoka 2015. Anaanza kuzungusha bahasha, Juni 2016 ajira serikalini zinasimamishwa. Uhakiki, watumishi hewa, wale wa kwenye orodha ya mshahara ila kazini hawapo, mnayajua, sina haja ya kuwasimulia. Mhandisi wa watu akawa anasimamia saiti za watu binafsi, analipwa mwenye nyumba akijisikia. Ameitwa kazini 2022, kapitia Sekretarieti ya Ajira, kaanza na mshahara ule ule wa mtoto aliyemaliza juzi. Na bosi wake ofisini ni binti aliyekuwa kidato cha tano sisi tukiwa cha sita. Kaingia kazini mapema tu, basi. Ukimsikia anavyosema "bosi wangu" kwenye ile voisi, unajua ameshazoea, lakini siyo kwamba haiumi.

Mwaka mmoja wa mkopo kukosekana, jamani. Mmoja!

Na hawa wana nafuu. Kuna mwenzetu alizaa baada ya fomu siksi, akaenda chuo amechelewa, ualimu wa masomo ya sanaa, akamaliza 2015. Mpaka leo serikalini hajaingia, anafundisha shule binafsi kwa mkataba wa mwaka mwaka. Ile 2025 mliposikia walimu waliomaliza kuanzia 2015 wameungana kudai ajira, mimi nilikuwa nawasikia huku nikimfikiria yeye. Cheti chake na cha dada mkuu ni kile kile. Ukiviweka mezani, cha kwake ndicho kina GPA kubwa.

Aliyetuvunja mbavu ni daktari. Kamaliza udaktari 2015, kafanya intern, katoka, hola. Yuko nyumbani anauza vitenge. Machi 2017, Kenya imetoka kwenye ule mgomo mrefu wa madaktari, wakasema wanataka madaktari 500 kutoka Tanzania. Yeye na wenzake wakaomba. Huku mama mzazi analia, mwanangu anaenda Nairobi. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, safari ikazuiwa. Rais Magufuli akasema, basi hao 258 walioomba kwenda Kenya waajiriwe hapa hapa. Mwenzetu akapata barua! Kaomba Nairobi, kapelekwa wilaya ya jirani na kwao. Waliomaliza naye ambao hawakuomba Kenya, waliojisemea wabaki kuitumikia nchi yao, ndio walioendelea kusota. Sasa hapo niambieni, mtu angemshauri nini?

Ndiyo maana mkiniuliza, "Dada, nifanye nini nifike ulipo," huwa nawaka. Sijui hata nilipo ni wapi. Yangu ni yangu, ya daktari ni ya daktari. Usichukue maneno yangu ukaenda kuuza shamba la babu.

Kuna mmoja nimemwomba ruhusa mara mbili kabla ya kumsema. Shuleni tulimwita kwa jina moja, miaka miwili, tunalala naye bweni moja. Dada mkuu kamtafuta kwa jina hilo hakuna. Kumbe lile jina lilikuwa la binamu yake. Alifeli darasa la saba, wakubwa wakampa cheti cha mwenzake arudie shule, na yeye alikuwa mtoto. Akasoma, akafaulu, akaajiriwa halmashauri. Aprili 2017 wakati inatoka ile ripoti ya vyeti feki, watumishi 9,932, na yeye yumo. Kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Serikali ilipokuja kukubali kuwarudishia michango yao ya pensheni, ile waliyokatwa wenyewe kwenye mshahara, akafuatilia, akapata, akafungua mgahawa. Siku anaingia grupuni kaandika jina lake la kuzaliwa, watu wanauliza, "Wewe ni nani?" Akatuma voisi, hakuandika. Kwa sauti tulimjua wote. Nilikuwa kituoni nasubiri basi, nikacheka na kulia kwa pamoja, mzungu wa pembeni akasogea kando.

Na wa EGM wetu wa Newala aliyekuwa akifanya kangomba ya korosho, kuzinunua kwa wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, mpaka ile 2018 serikali iliponunua korosho zote yenyewe, huyo ana mambo mengi, nitamfanyia video yake akikubali. Kwa sasa kasema hataki hata kusikia neno korosho.

Sasa mimi, muosha vikongwe. Mnadhani hii habari ya mwaka iko Bongo tu? Uingereza walifungua mlango wa visa kwa wahudumu wa wazee Februari 2022. Mimi nimeingia mwanzoni mwa 2023, watoto wangu wakanifuata. Machi 11, 2024 sheria ikabadilika, mhudumu mpya haleti mtoto wala mwenzi. Mwenzetu wa CBG alipata visa Aprili mwaka huo. Mwezi mmoja! Pacha wake wako kwa bibi Tarime, wanaongea na mama yao kwenye simu. Na Julai 22, 2025 wakafunga kabisa kuchukua wahudumu wapya kutoka nje. Kwa hiyo wale mnaoniandikia kila siku, "Dada nifanyie mpango," mpango gani? Na anayewauzia cheti cha udhamini, kile cha mwajiri cha kuombea visa, leo kwa mamilioni, mkimbieni. Hata mlango ulipokuwa wazi, kuuza kile cheti ilikuwa ni kosa.

Na hapa nitalalamika, nimejipa ruhusa. Kampuni iliyonileta iliniahidi saa za kutosha kwa wiki. Nilipofika, rota, yaani ratiba ya zamu, ina saa chache, kodi ya chumba iko pale pale. Nyumba kwa nyumba, nusu saa kwa bibi huyu, nusu saa kwa babu yule, na ule muda wa kutembea kati yao silipwi. Sheria ya kima cha chini cha mshahara inasema muda wa kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine unahesabiwa. Ukiuliza unaambiwa, "Tutaliangalia." Baadaye wakanyang'anywa leseni ya kuajiri kutoka nje, nikapata barua: siku 60 nitafute mdhamini mwingine au niondoke nchini. Siku zile nilikuwa naweka video za mapishi humu, mnaandika, "Dada unanenepa, hela tamu." Nilikuwa nimevimba kwa kukosa usingizi.

Nikapata kampuni nyingine, sawa, wanataka dereva. Leseni yangu ya Tanzania inatumika mwaka mmoja tu tangu kufika, baada ya hapo unaanza upya kama hujawahi kushika usukani. Mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani pauni 62, na tarehe ya mtihani unaisubiri miezi. Mimi niliyeendesha Buguruni saa kumi na moja jioni, naambiwa sijui kutazama kioo!

Rudi grupuni. Siku iliyokuwa na kelele kuliko zote haikuwa ya ndoa wala ya vyeo, ilikuwa ya bodi ya mikopo. Walioajiriwa wanakatwa asilimia 15, wakati waliposaini fomu ilikuwa 8. Watu wanatuma picha za salari slipu, wengine wanafunika jina wanasahau kufunika mshahara. Wakanigeukia, "Wewe uko nje hukatwi." Sikatwi, nalipa mwenyewe kwa kontroli namba, tena nalipa deni lililovimba miaka ya nyuma kwa ile asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuja kufutwa 2021. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu chuoni, tulikula wote, deni tukabaki nalo wote.

Sasa wanapanga kukutana Desemba. Mchango umewekwa, wa kila mtu sawa, halafu pembeni kuna mstari umeandikwa "ughaibuni" na tarakimu yake kubwa zaidi. Wa Muscat, ambaye ni mtumishi wa ndani na kabla ya mshahara anaomba simu yake arudishiwe na mwajiri, naye kawekwa mstari huo huo. Hapo ndipo nilipoongea. Nikawaambia, kima cha chini huku kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na mnazidisha kwa kiwango cha benki mnaona mamilioni, hampunguzi kodi ya nyumba, hampunguzi basi, hampunguzi ile hela ya visa nitakayolipa tena. Halafu mwaka huo huo, Mei, serikali ya huku ikapendekeza ukaazi wa kudumu usogezwe kutoka miaka 5 hadi 10. Nilikuwa nahesabu miaka, naona wanaongeza namba upande wa pili.

Dada mkuu kafuta ule mstari. Kimya kimya, hakuomba radhi, kaweka tu orodha mpya. Nimetuma mchango sawa na mwalimu wa shule binafsi. Kwenda sijui. Tiketi ya Desemba mnaijua bei yake, na likizo ya Desemba kwenye kazi ya wazee wanapewa waliokaa muda mrefu.

Kwa hiyo aliyeandika kwamba wenzangu wana vyeo, ndiyo, baadhi wanavyo. Aliyeandika nimewazidi, hapana. Hii ni hesabu ya darasa letu tu, wasichana wa shule moja waliomaliza mwaka mmoja. Kwako inaweza kuwa tofauti kabisa, usije ukanitukana.

Ila nataka kuona kama ni sisi peke yetu. Waliomaliza fomu siksi kati ya 2008 na 2013, niandikieni hapo chini kozi mliyosoma, mwaka mliotoka chuo, na mwaka mlioajiriwa. Mshahara msiandike, tumeshadanganyana vya kutosha. Nikizipata za kutosha nitazisoma Jumapili, nikiwa sina zamu.

Ngoja nikalale.