Hasira ya Sukari ni ya Nani?

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie malezi ya baba anayeishi na kisukari aina ya kwanza, na nikanong'onezwa niwatie watu moyo. Hilo nawaachia wenzangu watakaofuata. Mimi naanza na maji yaliyomwagika.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Jioni moja aliangusha glasi mezani, maji yakatapakaa. Maji tu. Nikainuka nikamfokea maneno ambayo sitayarudia hapa. Jasho lilinitiririka mgongoni, mikono ikitetemeka, na wakati huohuo nilijiona nina haki kabisa. Mke wangu hakubishana nami. Alishika kidole changu, akakichoma, akanigeuzia mashine ya kupimia sukari nijisomee: milimoli 2.8 kwa lita, yaani imeshuka mno. Kisha akaniwekea juisi mbele yangu. Nikainywa kwa hasira. Naam, hata juisi hunywewa kwa hasira.

Robo saa baadaye nilikuwa mtu mwingine. Mtoto hakuwa amebadilika. Alikuwa bado nyuma ya mlango.

Kwa wasioujua ugonjwa huu: kinga ya mwili wangu iligeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, ikaziangamiza. Sikujiletea kwa kula vitamu, na naomba swali hilo tusilirudie. Insulini ambayo mwili wenu hujipimia wenyewe, mimi hujipimia kwa sindano kila siku, na kipimo changu hakiwezi kuwa sahihi kila mara. Mtu wa kwanza kudungwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo, aliyeugua utotoni kama mimi hakufika umri wa kuitwa baba.

Sasa, sukari ikishuka chini ya 3.9, mwili hupiga kengele kwa kumwaga adrenalini, homoni ileile inayomwandaa mtu kupigana au kukimbia. Ndiyo maana ya jasho, moyo kwenda mbio, na ulimi kuwa mkali. Ikizidi kushuka, ubongo wenyewe hukosa chakula, na busara huwa ya kwanza kuondoka. Dawa yake ni gramu 15 za sukari inayoingia mwilini haraka, kusubiri dakika 15, kisha kupima tena. Chokoleti haifai sana, kwa sababu mafuta yake huichelewesha. Na aliyezimia msimtie kitu mdomoni; mpeni glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, kama ipo, na iteni msaada wa dharura.

Jambo ambalo sikuambiwa na daktari yeyote ni kwamba kucheza na watoto kunashusha sukari. Kumbeba mtu mgongoni ukizunguka naye chumbani nusu saa ni mazoezi kamili, na sukari inaweza kuja kushuka saa kadhaa baadaye, usiku, umelala. Siku hizi napima kabla ya kuwa farasi.

Turudi nyuma ya mlango. Nilimwambia binti yangu, "Si mimi niliyekufokea, ni sukari." Kibiolojia nilikuwa sahihi. Lakini sauti aliyoisikia ilikuwa yangu, na kauli ile ilikuwa tamu mno kuiacha. Nakiri mbele yenu: kuna siku niliitumia sukari ikiwa 7.4, nimenuna tu kwa sababu ya kazi. Tangu hapo naomba radhi kwa kila nilichosema, bila kuangalia mashine imeandika nini. Maelezo huja baadaye, akiyataka.

Na watoto hujifunza haraka. Alipofika miaka tisa, nikimgombeza kwa sababu ya daftari, alikuwa akiniletea mashine. "Baba, umepima?" Nikapima: 6.1. "Haya, sasa tuzungumze daftari." Tulicheka. Kilichonikosesha usingizi ni kugundua kwamba usiku alikuwa akija mlangoni kwetu kusikiliza kama ninapumua. Mtoto wa miaka tisa yuko zamu! Nilimkalisha nikamwambia kazi yake ni moja: akiona siko sawa, amwite mtu mzima. Usiku ni wangu. Napima kabla ya kulala, natega kengele, nanyanyuka mwenyewe.

Kuna swali ambalo vijana wanaotaka kuoa huniuliza kando, kwa aibu: je, mtoto ataurithi? Baba akiwa nao, takriban mtoto mmoja kati ya 17 huupata. Maana yake wengi hawaupati. Jueni dalili: kiu isiyokatika, mkojo mwingi, mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, kukonda ghafla. Mkiziona, apimwe siku hiyohiyo. Ila msifanye kama mimi, niliyemchoma binti yangu kidole kila alipoomba maji mara mbili.

Sasa ana miaka 12. Juzi nilimfokea tena, mara hii ni viatu alivyoviacha katikati ya njia. Nikapima: 3.4. Nikanywa juisi, nikasubiri dakika zangu 15, nikapima tena, nikaenda kubisha hodi.

"Ngapi?" akauliza kutoka ndani.

"Ilikuwa 3.4. Nisamehe, mwanangu."

Akanyamaza kidogo. "Na yale ya viatu?"

"Yale nilikuwa nayo tangu asubuhi."

"Basi baba, ongeza dakika 15 nyingine."

Nikakaa palepale kizingitini.