Lincoln na Waya wa Telegrafu

Mabibi na mabwana, jambo la kwanza ni kwamba waya wa telegrafu, uliopeleka maneno mbali kwa umeme, haukufika Ikulu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Rais Abraham Lincoln akitaka habari za mapigano alitoka kwa miguu hadi jengo jirani la Wizara ya Vita, akaketi na makarani wa telegrafu, pengine hadi usiku wa manane. Wazee wetu waliposema “nimeletewa simu” walimaanisha kipande cha karatasi. Basi ndiyo simu hiyo.

Maneno mengi ya Lincoln yalimwendea mtu ambaye hakumwamini. Oktoba 1862, zaidi ya mwezi mzima baada ya mapigano ya Antietam, Jenerali McClellan, kamanda wa jeshi la Lincoln, hajamfuatia Lee, jenerali wa waasi wa Kusini. Anatoa udhuru: farasi wana vidonda vya ulimi, tena wamechoka. Lincoln akamjibu kwa waya: uniwie radhi kuuliza, tangu Antietam farasi wako wamefanya kazi gani hata wachoke?

Naona mnacheka. McClellan hakucheka, na Novemba akavuliwa uongozi wa jeshi. Ila naye alikuwa na ulimi. Juni ya mwaka huohuo alimpelekea Stanton, Waziri wa Vita, simu ya kuwashutumu wakubwa wa Washington kwamba wamejitahidi kuliangamiza jeshi lake. Msimamizi wa telegrafu alishtuka, akayakata maneno hayo yasimfikie waziri. Mtu wa telegrafu amkatize jenerali! Yangefika, sijui McClellan angemaliza wiki.

Julai 1863 Jenerali Meade, wa upande wa Lincoln, alishinda mapigano ya Gettysburg, kisha Lee akaponyoka, akavuka mto Potomac. Safari hii Lincoln alichukua kalamu, akamwaga uchungu wake wote, halafu akaifungia barua. Juu ya bahasha akaandika kwamba haikutumwa wala kutiwa saini. Naipenda kuliko nyingi alizotuma. Hasira yake ingeweza kumfikia Meade upesi, naye akaiacha ipoe karatasini.

Kwa Jenerali Grant, naye wa upande wa Lincoln, mambo yakawa mengine. Aprili 1864 Lincoln alimwandikia kwamba undani wa mipango ya Grant haujui, wala hatafuti kuujua. Yuleyule aliyewahesabia wenzake farasi!

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Aprili 1865, akampelekea Grant kauli ya Jenerali Sheridan kwamba jambo likikazwa, Lee atasalimu amri. Yake mwenyewe ilikuwa fupi: basi likazwe. Siku ya pili yake lilikazwa, na tarehe 9 Lee akasalimu amri Appomattox.