Buick ya 1986 na Kioo Kilichohitaji Macho

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Leo nataka tuliangalie kwa makini gari moja, Buick Riviera ya mwaka 1986, maana ndilo lililoanza kuuzwa madukani likiwa na skrini ya kugusa.

Katikati ya dashibodi yake palikuwa na kioo kidogo cha runinga, ile ya chogo, chenye maandishi ya kijani. Redio humo, kiyoyozi humo, hesabu za safari humo, hata taarifa za hitilafu humo humo. General Motors, kampuni mama ya Buick, walikuwa wameiota ndoto hiyo siku nyingi. Mwaka 1956 walionyesha gari la mfano, Buick Centurion, lenye kamera nyuma na runinga kwenye dashibodi badala ya kioo cha kutazamia nyuma. Mwaka 1958 wakaja na gari jingine la mfano, Firebird III, isiyo na usukani kabisa; dereva aliiongoza kwa mpini mmoja kama rubani.

Sasa mfikirie dereva wa ile Riviera anayetaka kupunguza joto. Kwanza aguse kufungua ukurasa wa kiyoyozi, kisha atafute alama, kisha aguse tena. Kitufe cha kuzungusha, mkono hukizoea, vidole vikakifikia hata gizani. Kioo laini hakina cha kupapasa, lazima ukitazame. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ukikitazama sekunde 2 gari limeshakwenda mita 55. Wateja walilalamika, na Riviera ya 1990 ikarudishiwa vitufe.

Je, kosa lilikuwa skrini yenyewe? Mimi nasema hapana. Mwaka 1985, kule California, kampuni ya Etak iliuza kifaa cha ramani cha kufunga garini. Ramani zilikuwa kwenye kaseti, na hakikutegemea setilaiti: kilihesabu mizunguko ya magurudumu, kikasoma dira, kisha kikalinganisha njia uliyopita na mitaa iliyo kwenye ramani. Alama ya gari ilitulia mahali pake, ramani ndiyo ikageuka. Naipenda sana kazi ile! Dereva alitupa jicho mara moja, akajua aliko. Mahali ulipo ni jambo la kuonwa. Joto na sauti ya redio ni kazi za mkono, na Buick waliunyang'anya mkono kazi yake.

Kamera ya Centurion nayo ilikuwa wazo sahihi. Tangu Mei 2018 sheria ya Marekani inadai kamera ya nyuma kwenye magari mapya madogo. Na kuanzia 2026 Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, wanatoa alama kwa gari ambalo indiketa, honi, waipa na taa za hatari zina swichi zake halisi.

Kwa hiyo ukienda kununua gari, keti kwenye usukani, tazama mbele, kisha jaribu kupunguza feni bila kuinamisha macho. Haya, nakaribisha maswali.