Kufundisha Sauti za Kifaransa kwa Simu Moja na Spika: Hatua kwa Hatua

Karibuni, walimu wenzangu. Leo tunatengeneza somo moja la matamshi ya Kifaransa, kuanzia kutafuta sauti mtandaoni hadi kuingia nazo darasani. Vifaa ni simu moja ya mwalimu, spika ndogo ya bluetooth na kompyuta yoyote inayowaka. Mwanafunzi hahitaji simu. Najua shule zetu nyingi haziruhusu, kwa hiyo kila nitakachoonyesha kinawezekana hata kama darasa lina wanafunzi 60 na simu iliyopo ni ya kwako peke yako.

Kabla hatujagusa kifaa chochote, sikiliza maneno haya mawili. Rue. Roue. La kwanza ni mtaa, la pili ni gurudumu. Kiswahili kina irabu 5, Kifaransa kina zaidi ya 10, na hiyo ya kwenye rue sisi hatunayo kabisa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiisikia, sikio lake linaipeleka kwenye u aliyoizoea, na maneno yote mawili yanakuwa kitu kimoja. Halafu unamuuliza kitabu kiko wapi, dessus au dessous, juu au chini, naye anakutazama tu. Si mvivu. Hajasikia tofauti, na asichokisikia hawezi kukitamka.

Dawa yake ni kusikia watu wengi. Mwaka 1991 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, yaani Logan, Lively na Pisoni, walichapisha matokeo ya kuwafundisha Wajapani kutofautisha r na l za Kiingereza. Sisi wenye wanafunzi wanaochanganya kura na kula tunaielewa shida hiyo vizuri. Waliwapa jozi za maneno yaliyotamkwa na wasemaji mbalimbali, na kila jibu lilisahihishwa papo hapo. Wakapiga hatua. Mwaka 1993 wakaonyesha jambo la pili: waliojifunza kwa sauti ya mtu mmoja walikwama alipokuja msemaji mgeni. Sasa fikiria darasa ambalo kwa miaka minne Kifaransa chote wanachokisikia kinatoka kwa mwalimu mmoja. Hapo ndipo simu inapostahili kuingia darasani, kwa sababu inaleta sauti ambazo mwalimu peke yake hawezi kuzileta. Michezo ya kwenye simu yenye rangi na alama za ushindi ni mizuri, lakini kwangu inakuja baadaye sana.

Hatua ya kwanza, chagua maneno. Chukua daftari uandike jozi tano: rue na roue, tu na tout, vu na vous, pur na pour, dessus na dessous. Zote zinapima tofauti moja ile ile. Usichanganye humo na irabu za puani, hizo zina wiki yake.

Hatua ya pili, pakua sauti. Fungua tovuti ya Forvo. Ni hazina ya matamshi yaliyorekodiwa na wenye lugha wenyewe, na imekuwepo tangu 2008. Jisajili, ni bure, maana bila akaunti utasikiliza lakini kupakua itakuwa shida. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika rue, chagua Kifaransa. Unaona orodha hii? Kila sauti imeandikwa kama ni ya mwanamume au mwanamke, na nchi anakotoka. Pakua sauti tatu kwa kila neno: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, na kama ipo, mtu asiyetoka Ufaransa. Kifaransa hakiko Paris tu. Kiko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kiko Bujumbura na Lubumbashi, kiko Komoro, na mwanafunzi wa Kigoma ana nafasi kubwa ya kukihitaji huko kuliko Ulaya. Mafaili haya ni madogo sana, hayatamaliza bando lako. Yape majina mara moja: rue1, rue2, rue3. Ukiyaacha na majina yaliyokuja nayo, kesho hutajua lipi ni lipi.

Usitumie sauti ya mashine ya kutafsiri kwa kazi hii. Inatamka safi, lakini ni msemaji mmoja, na tumeshaona msemaji mmoja anatuachia nini.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi, kwa hiyo tutulie hapa. Fungua Audacity kwenye kompyuta. Ni programu ya bure ya kuhariri sauti, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Nenda File, kisha Import, kisha Audio, uchague mafaili yako yote kwa pamoja. Kila neno linakaa kwenye mstari wake, na yote yanaanzia sekunde sifuri, kwa hiyo ukibonyeza kucheza utasikia kelele tupu. Usiogope. Bonyeza Ctrl na A kuchagua yote, fungua menyu ya Tracks, tafuta Align Tracks, kisha Align End to End. Maneno yamejipanga, moja baada ya jingine. Yakiwa bado yamechaguliwa yote, rudi Tracks, kisha Mix, kisha Mix and Render, ili mistari yote iwe mstari mmoja; bila hivyo, ukiongeza ukimya kwenye mstari mmoja, ile mingine haitasogea.

Sasa tunahitaji ukimya. Weka kishale mwisho wa neno la kwanza, nenda Generate, chagua Silence, andika sekunde 3. Fanya hivyo kwa kila neno. Inachosha kidogo, nakubali, lakini sekunde hizo tatu ndizo somo lenyewe. Ndimo mwanafunzi anapoamua amesikia nini, na baadaye ndimo atakapotamka. Rekodi zisizo na nafasi ya kujibu zinamfanya mwanafunzi awe msikilizaji wa redio.

Changanya mpangilio kwa kukata na kubandika maneno. Usiweke rue, roue, rue, roue, maana watashika mdundo badala ya sauti. Weka rue, rue, roue, rue, roue, roue, na uandike mpangilio huo kwenye karatasi yako ya majibu. Kama darasa ni la wanaoanza kabisa, tengeneza nakala ya pili iliyo polepole: chagua yote, nenda Effect, tafuta Change Tempo, andika hasi 15. Kasi inapungua, sauti haibadiliki kuwa nzito. Usishuke zaidi ya hapo, matamshi yanaanza kuharibika. Hifadhi mradi wenyewe, halafu nenda File, Export Audio, uutoe kama MP3. Hamishia kwenye simu, na weka nakala kwenye flashi. Siku umeme ukikatika shuleni, simu yenye chaji na spika yenye chaji zitakutosha.

Hatua ya nne, darasani. Simama katikati ya darasa, spika usiiache mezani kwako mbele, maana walioko nyuma watasikia mwangwi tu. Ubaoni andika rue upande wa kushoto na roue upande wa kulia. Waambie wanafunzi wafumbe macho. Hili ni muhimu: wakifungua macho, wote watamfuata yule anayejulikana kuwa na akili. Cheza neno, wanyooshe mkono wa kushoto au wa kulia, kisha sema jibu hapo hapo kabla ya neno linalofuata. Dakika saba au nane zinatosha kwa jozi mbili. Usidai watamke bado.

Ukiona mikono mingi inaenda sahihi, ndipo wafunze mdomo. Waambie watamke i ya kwenye neno "siri", waishikilie, ulimi usitikisike, halafu wakunje midomo kama wanaopiga mluzi. Iliyotoka ndiyo ile ya rue. Watacheka, waache wacheke, kisha cheza tena faili lile lile, safari hii wajaze ule ukimya kwa kutamka. Safu moja baada ya nyingine.

Hatua ya tano ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Nyumbani, fungua mipangilio ya kibodi ya simu yako, ongeza lugha ya Kifaransa. Ukigusa alama ya kipaza sauti, simu itaandika unachosema. Jaribu kuzima data uone kama yako inaandika bila intaneti, zipo zinazoweza. Darasani, mpe mwanafunzi aseme: Le livre est dessous. Kama kioo kimeandika dessus, mdomo wake haujafika. Chagua sentensi ambayo maneno yote mawili yanaweza kukaa. Ukimpa "j'habite dans cette rue", simu itakisia mtaa hata akitamka vibaya, kwa sababu hakuna anayeishi kwenye gurudumu. Na kama simu imekosea ilhali wewe umesikia sawa, amini sikio lako. Kifaa hiki nacho hukosea, hasa kwa sauti za watoto na darasa lenye kelele.

Hatua ya sita, jioni, kwa wale ambao nyumbani kuna simu janja ya mzazi. Tuma faili kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, lakini litume kama waraka, ili jina lake libaki na waweze kulitafuta tena. Mtoto akirekodi jibu, alitume kwako moja kwa moja, si kwenye kundi. Sauti ya mtoto anayejikwaa haipaswi kusikilizwa na watu ambao hajawachagua. Na tafadhali, kazi hii isiwe na maksi. Kuna nyumba isiyo na simu hiyo, na kuna mzazi anayerudi saa nne usiku na chaji imekwisha. Watoto wa nyumba hizo wape dakika kumi za mapumziko na spika yako, mara mbili kwa wiki.

Baada ya wiki mbili, rudia jaribio la mikono, lakini kwa sauti mpya ambazo hawajawahi kuzisikia. Pakua wasemaji wengine wawili kutoka Forvo kwa maneno yale yale. Wakiwapata hao wageni, sikio limefunguka kweli. Wakikosa, waongezee wasemaji, usiwaongezee maneno.

Kwa irabu za puani, fungua ule mradi wa Audacity uliouhifadhi na utengeneze nakala. Ondoa maneno ya zamani, ingiza banc, bon na bain. Nafasi za kimya nyoosha ziwe sekunde 4, kwa kuwa sasa mwanafunzi anachagua kati ya maneno matatu, na mikono miwili haitoshi: aonyeshe kidole kimoja, viwili au vitatu.