Kabla ya Mashine: Jinsi Maabara Inavyotafuta Masalia ya Viuatilifu kwenye Mboga na Matunda

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nieleze maabara inajuaje kama nyanya ina masalia ya kiuatilifu, yaani dawa ya kupulizia mazao, au haina. Najua wengi mmekuja kusikia habari za mashine. Tutaifikia, ila mnivumilie nikichelewa, maana majibu mengi mabovu hayaharibiwi na mashine. Huharibika mapema, shambani wakati wa kuchukua sampuli, au mezani penye kisu.

Kwanza tujue ukubwa wa kitu tunachokitafuta. Katika Umoja wa Ulaya, kiuatilifu ambacho hakijawekewa kikomo chake kwa zao fulani huangukia kikomo cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni gramu moja ya dawa ndani ya tani 100 za mboga. Na sisi mezani tunapima gramu 10 tu za mboga iliyosagwa! Gramu hizo 10 ndizo zitakazousemea mzigo mzima.

Dawa nayo haikai sawasawa. Tunda lililokuwa wazi limelowa, lililojificha chini ya majani limepata kidogo. Ndiyo maana mwongozo wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, unataka, kwa mazao ya ukubwa wa kati kama machungwa, angalau kilo moja yenye matunda yasiyopungua 10. Kwa makubwa kama kabichi, kilo mbili zenye vichwa visivyopungua vitano. Anayetuletea nyanya moja ametuletea habari za nyanya hiyo, basi.

Na tafadhali, msituoshee sampuli. Ndizi nayo tunaisaga na ganda lake. Watu hushangaa: nani anakula ganda? Lakini kikomo kimewekwa kwa ndizi nzima, kwa hiyo ukiimenya unalinganisha vitu viwili tofauti. Kiasi kinachomfikia mlaji ni hesabu nyingine, hufanywa baadaye na watu wa tathmini ya hatari.

Halafu kuna kusaga kwenyewe. Zipo dawa kama kaptani, ya ukungu, ambazo zikikutana na maji ya mboga huanza kuvunjika palepale. Kwa hizo tunaigandisha mboga, kisha tunaisaga pamoja na barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, mpaka iwe unga. Ukisaga kwa blenda ya kawaida, kwenye joto la chumba, dawa inakufia mikononi na ripoti inatoka safi.

Sasa kutoa dawa kwenye mboga. Mwaka 2003, Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao walichapisha mbinu inayoitwa QuEChERS. Kabla ya hapo maabara zilitumia viyeyusho kwa mamia ya mililita kwa sampuli moja. Wao walichukua mrija wa plastiki, gramu 10 za sampuli, mililita 10 za kiyeyusho kiitwacho asetonitrili, wakatikisa. Kisha wakaongeza gramu 4 za magnesiamu salfeti na gramu moja ya chumvi ya kawaida. Ukitikisa wakati huo mrija unapata moto kiganjani, maana salfeti inafyonza maji. Chumvi huyatenganisha maji na asetonitrili, vitu ambavyo kwa kawaida huchanganyika bila shida. Ukiuzungusha kwa kasi kwenye mashine, asetonitrili inakaa juu ikiwa imebeba dawa, na mboga inabaki chini.

Majimaji hayo bado ni machafu, kwa hiyo tunayasafisha kwa unga unaonasa sukari na asidi. Mboga za majani zina klorofili nyingi, na mkaa maalumu huiondoa vizuri. Tatizo ni kwamba mkaa huohuo hunasa pia dawa zenye molekuli bapa, mfano thiabendazoli. Unasafisha, na unatupa ulichokuwa unakitafuta.

Haya, mashine. Kromatografia hutenganisha dawa moja na nyingine kwa muda inaotoka: ya gesi kwa zinazostahimili kugeuzwa mvuke, ya kimiminika kwa zisizostahimili. Mbele yake kuna spektrometa ya masi, ambayo huchagua molekuli kwa uzito wake, huivunja, kisha husoma vipande. Tunadai vipande viwili, kwa uwiano unaotarajiwa, na kwa muda uleule wa dawa halisi tunayolinganisha nayo. Kimoja kikikosekana hatuitaji dawa hiyo jina. Kwa mkupuo mmoja mashine hutafuta mamia ya dawa.

Lakini haitafuti zote, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mankozebu ni dawa ya ukungu inayotumika sana duniani, nayo haiyeyuki kwenye asetonitrili. Kwa mbinu niliyoieleza haionekani, mashine iwe ya bei yoyote. Inahitaji kipimo chake. Mboga hukatwa vipande bila kusagwa, hupashwa moto kwenye asidi ya hidrokloriki yenye kloridi ya bati, dawa huvunjika na kutoa kaboni disalfaidi. Tunachopima ni hiyo kaboni disalfaidi. Manebu na propinebu, dawa za jamii moja na mankozebu, hutoa hiyohiyo, kwa hiyo kipimo hakisemi ni ipi kati yao. Baya zaidi, kabichi na vitunguu vina salfa ya asili inayoweza kutoa kitu kilekile. Kabichi isiyowahi kupuliziwa chochote inaweza kusomeka kama iliyopuliziwa!

Glifoseti, dawa ya magugu, nayo inataka njia yake, ya methanoli yenye asidi. Kwa hiyo ripoti ikisema “haikuonekana”, ombeni orodha ya dawa zilizotafutwa na kiwango cha chini ambacho maabara inaweza kuripoti. Bila hivyo viwili, neno hilo halina uzito.

Vile vipimo vya haraka vya kubadilika rangi, vinavyotumia kimeng'enya cha kolinesterasi, hushtuliwa na makundi mawili tu ya dawa, oganofosfeti na kabameti. Vinafaa kuchuja mzigo mlangoni. Kumshitaki mtu kwa kipimo hicho peke yake, mimi nisingekubali.

Kuna aliyeniuliza pale nje: ripoti imesoma 0.015 na kikomo ni 0.01, je, mzigo umevuka? Maabara rasmi za Ulaya huweka shaka ya asilimia 50 kwenye namba. Ondoa nusu, unabaki na 0.0075, na mkaguzi hatangazi kosa. Ingekuwa 0.03, ukiondoa nusu inabaki 0.015, hapo mzigo umevuka. Ila shaka hiyo inakwenda pande zote mbili: kiasi halisi kwenye ile 0.015 kinaweza pia kuwa 0.0225. Mnunuzi akiukataa mzigo ambao mkaguzi ameupitisha, wote wawili wamesoma karatasi ileile, na hakuna aliyekosea hesabu.

Karibuni kwa maswali.