Msitu Huanzia Chini: Komba wa Rondo

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Ukitajwa msitu wa Rondo, mkoani Lindi, watu hukumbuka mvule. Uwanda ule wa juu hupata mvua na ukungu wa bahari kuliko tambarare za chini, na mivule yake iliwavuta wavuna mbao tangu enzi za mkoloni. Ilikatwa mingi, ikapandwa misaji na misindano. Leo mgeni akipita katikati ya mistari ya misaji husema, "Hapa pana msitu mzuri." Mimi sikubali.

Rondo, Litipo, Chitoa, Ziwani kule Mtwara, na vipande vichache vya msitu upande wa Dar es Salaam na Bagamoyo: huko ndiko anakoishi komba mdogo asiyepatikana nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Wataalamu walimtambua rasmi miaka ya 1990, wakampa jina la Rondo. Ana gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku. Komba wengine mnawatafuta juu ya miti. Huyu mtafuteni chini. Hukamata vijiti vilivyosimama wima, akaruka toka kimoja hadi kingine karibu kabisa na ardhi, akatega sikio, kisha akajitupa kwenye majani makavu, akadaka mdudu na kurudi kijitini.

Vijiti hivyo na majani hayo ndiyo maisha yake yote.

Sasa sisi watu wa korosho tumelelewa na fyekeo. Shamba lisiposafishwa, moto huingia na korosho zikidondoka hazionekani. Shambani ni sawa kabisa. Kinachoniumiza ni pale tunapoingia msituni na jicho lilelile: tunaiacha mivule na mikongo imesimama, tunafyeka vichaka, tunachoma majani. Ukitazama kwa mbali, msitu upo. Lakini komba hana pa kushika, sange anayefukua majani kwa pua yake ndefu hana pa kula, na miche ya mvule imekwenda na fyekeo.

Mtaniuliza, tule nini? Ni swali la haki. Wenzetu wa Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, mwaka 2009 misitu yao ya kijiji ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Wao huchagua uliokomaa, mmoja mmoja. Kijiji kinapata fedha, na kichaka kinabaki mahali pake.

Kwa hiyo kamati za maliasili, nawasihi: sheria ndogo za msitu zisiishie kukataza kukata miti. Katazeni pia kufyeka chini na kuchoma majani. Barabara ya kuzuia moto ipite pembezoni mwa msitu, isipite ndani.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na kina mama.