Maneno ya Vepu Mnayoniuliza Kila Siku: Maana Yake na Yalikotoka

Ndugu watazamaji, wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Tangu niliposema kwamba hapa Birmingham ninauza katika duka la vepu, yaani sigara za kielektroniki, swali linaloletwa chini ya kila video, hata ile niliyopika pilau, ni lile lile: hayo maneno yaliyoandikwa kwenye maboksi, modi, podi, koili, VG, chumvi ya nikotini, yana maana gani na yalitoka wapi? Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu ninajua yatakayofuata. Wapo watakaosema ninaringa kwa kuwa nimeajiriwa Uingereza, na wapo watakaosema ninawafundisha watoto wa watu kuvuta. Niseme mapema basi kwamba ninalipwa kwa saa, kwa kima cha kawaida cha watu wa dukani, na sehemu kubwa ya ninachobakiza huishia kwenye ada za kibali cha kuishi, ambapo mchango wa huduma ya afya peke yake ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa kibali. Silalamiki, kwani kuja huku nilichagua mwenyewe. Mimi sivuti, na sitamshauri mtu asiyevuta sigara aanze kuvuta kitu chochote. Ninajibu kwa sababu picha za maboksi mnazonitumia zinanitia hofu, na ninaamini mzazi anayejua kulisoma boksi hadanganywi kirahisi, si na muuzaji wala na mwanawe.

Neno vepu tumelitohoa kutoka Kiingereza, ambako lilikatwa kutoka kwenye neno lenye maana ya mvuke. Mwaka 1983, katika jarida la Uingereza lililoitwa New Society, mwandishi Rob Stepney alieleza sigara ya kufikirika isiyowashwa moto, ambayo ingempa mvutaji nikotini, ile dutu ya tumbaku inayoleta uraibu, kwa kipimo maalumu, akaongeza kwamba tabia hiyo, iwapo ingeshika, ingeitwa "vaping". Wazo la kifaa lilikuwapo hata kabla yake, kwani Mmarekani Herbert Gilbert alikuwa amepata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1965, ingawa haikufika sokoni. Aliyekifikisha kifaa kwa watu ni mfamasia wa China, Hon Lik, aliyeomba hataza yake mwaka 2003, naye ni mtu ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Kampuni iliyokiuza ilijiita Ruyan, jina lenye maana ya "kama moshi". Kufikia mwaka 2014, wachapishaji wa kamusi za Oxford waliteua "vape" kuwa neno la mwaka.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu neno mvuke limetudhuru sisi wa nyumbani kuliko neno lolote jingine katika biashara hii. Mama mmoja wa Morogoro aliniandikia kwamba amemruhusu mwanawe wa sekondari kwa sababu muuzaji alimhakikishia kuwa kinachotoka ni mvuke wa maji tu. Si mvuke wa maji. Wanasayansi huuita erosoli, yaani matone madogo mno ya kimiminika yanayoelea hewani, na kwa hiyo kinachotoka pale kiko karibu zaidi na kinachotoka kwenye kopo la dawa ya mbu ya kupuliza kuliko kinachotoka kwenye sufuria ya wali. Kimiminika chenyewe kina vitu viwili vikubwa vinavyoandikwa kwa herufi tupu: PG, ambayo ni propilini glaikoli, na VG, ambayo ni gliserini itokanayo na mafuta ya mimea. PG ni nyepesi, hubeba ladha na huleta ule mkwaruzo kooni ambao wavutaji wa huku huuita pigo la koo. VG ni nzito, ina utamu kidogo, na ndiyo inayotoa wingu kubwa. Boksi likiandikwa 70/30, aghalabu maana yake ni VG asilimia 70 na PG asilimia 30. Juu ya hivyo viwili huongezwa ladha za kutengenezwa na, mara nyingi, nikotini.

Majina ya vipande vya kifaa nitayapitia haraka. Atomaiza, sehemu inayokigeuza kimiminika kuwa wingu, ni neno la zamani, lililotumika kwa chupa za kupulizia manukato kabla ya vepu kuwapo. Ilipounganishwa na kijaluba cha kimiminika ikazaliwa katomaiza, na tangi lilipotengenezwa kwa plastiki angavu ili mtu aone kilichobaki, ikaitwa klearomaiza. Namba 510 inayotajwa kwenye vifungio ilikuwa namba ya toleo la kifaa kimoja cha mapema cha Kichina. Kifaa kimeshasahaulika, lakini aina ya nyuzi zake za kufungia imebaki na namba hiyo. Modi ni kifupi cha neno lenye maana ya kilichorekebishwa. Sigara za kielektroniki za mwanzo zilifanana na sigara ya kawaida, na betri zake ndogo ziliisha chaji upesi, hivyo wavutaji wenyewe wakaanza kuziunganisha na betri kubwa ndani ya magamba ya tochi. Waingereza wawili, Ted na Matt Rogers, ndio wanaotajwa kutengeneza modi ya kwanza mwaka 2008. Modi za leo hutoka kiwandani zikiwa kamili, lakini jina la mafundi wa mezani limebaki.

Koili inastahili maelezo zaidi, maana ndiyo moyo wa kifaa. Nikiifungua mbele ya mteja, anaona waya mwembamba uliozungushwa kama springi, na pamba nyeupe iliyoloa kimiminika. Umeme unapopita, waya unapata joto na kimiminika kilichomo kwenye pamba kinageuka wingu. Koili iliyotumika kwa muda mrefu, pamba yake imekuwa ya kahawia iliyokolea, nyeusi pembeni palipogusana na waya, na ina harufu ya sukari iliyoungua. Mtu akivuta pamba ikiwa kavu hupata ladha kali ya kuungua, na hilo huitwa pafu kavu, pafu hapa likiwa ni neno la Kiingereza lenye maana ya mvuto mmoja, si pafu la kupumulia. Ukinzani wa waya hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Koili iliyo chini ya omu 1 huitwa sab-omu: ukinzani ukipungua umeme mwingi zaidi hupita, joto hupanda, na wingu huwa kubwa. Herufi MTL humaanisha kuvuta kwanza mdomoni kisha mapafuni, kama mvutaji wa sigara anavyofanya, na DTL humaanisha kuvuta moja kwa moja hadi mapafuni. Wale vijana mnaowaona kwenye video wakitoa mawingu ya kujaza chumba hutumia DTL, na Wamarekani waliwaita wafukuza mawingu.

Sasa nikotini, ambayo kwangu ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Jina lake linatokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno aliyepeleka tumbaku kwa watawala wake mwaka 1560. Dutu yenyewe ilitengwa kutoka kwenye jani la tumbaku mwaka 1828 na wanasayansi wawili wa Heidelberg, Ujerumani. Katika vepu za zamani nikotini ilitumika katika hali ambayo wanakemia huiita huru, na kiwango kikipanda mtu alikohoa, kwa hiyo koo lilimzuia. Mwaka 2015, kampuni iliyoanzishwa na wahitimu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, James Monsees na Adam Bowen, ilitoa kifaa kidogo cha Juul chenye podi, yaani kijaluba kilichojazwa tayari, na ndani yake nikotini ilikuwa imechanganywa na asidi ya benzoiki. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaoitwa chumvi ya nikotini. Hauhusiani na chumvi ya jikoni, bali ni chumvi kwa maana ya kikemia. Kazi yake ni kuifanya nikotini kali iwe laini kooni, na matokeo yake ni kwamba mtoto asiyewahi kuvuta sigara anaweza kuvuta dozi kubwa bila kukohoa, na mzazi aliye chumba cha pili asisikie chochote.

Ndiyo maana ninawasihi msome asilimia. Boksi likiandikwa 2%, hiyo ni takriban miligramu 20 za nikotini katika kila mililita, na hapa Uingereza ndiyo kikomo cha sheria. Picha nyingi mnazonitumia, kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Bukavu, zinaonyesha vifaa vilivyoandikwa 5%. Mtu anayeisoma kama namba ya kawaida huiona ndogo, na kuna baba mmoja aliyenijibu kwa ukali kwamba asilimia tano si kitu. Baba yangu, kwa heshima zote, 5% ni takriban miligramu 50 kwa mililita, mara mbili na nusu ya kile ninachoruhusiwa kumuuzia mtu mzima dukani kwetu, na kifaa chenye mililita 12 za namna hiyo kina miligramu 600 za nikotini ndani yake. Namba ya mivuto iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, 600 au 10,000, ni makadirio ya mtengenezaji kuhusu mara ambazo kifaa kitavutwa kabla hakijaisha. Haielezi ukali.

Maneno mengine yalizaliwa na sheria, na haya ndiyo yanayotuchosha sisi wa kaunta. Tangu kanuni za mwaka 2016, tangi haliruhusiwi kuzidi mililita 2, na chupa yenye nikotini haizidi mililita 10. Wafanyabiashara wakatafuta njia: wakauza chupa kubwa isiyo na nikotini, ikiwa imejazwa pungufu kwa makusudi, ili mteja aongezee chupa ndogo yenye nikotini yeye mwenyewe. Ndiyo inayoitwa shotifili, kwa maana ya iliyojazwa pungufu. Vifaa vya kutumia mara moja na kutupa vilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2025, rafu zikajaa vinavyofanana navyo vyenye tundu la kuchajia na podi ya kubadilisha. Pia kuna ushuru mpya uliopangwa kuanza tarehe 1 Oktoba 2026, pauni 2.20 kwa kila mililita 10, ambao ukijumlisha VAT ya asilimia 20 juu yake unafika pauni 2.64. Ushuru huo haubagui chenye nikotini na kisicho nacho. Kwa hiyo mnaposema vitu hivi huku ni bei ya kutupa, ninaomba mfanye hesabu hiyo kwanza.

Ninalo pia jambo lililoniumiza, na linahusiana na sheria hizo hizo. Anayeuza vepu kwa mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kutozwa faini hadi pauni 2,500, na utaratibu wa duka letu ni kumwomba kitambulisho kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25. Kijana mmoja wa jamii yetu, aliyenisikia nikizungumza Kiswahili, alikuja bila kitambulisho akitarajia nimfichie, na nilipokataa akaniambia mbele ya wateja kwamba nimejifanya Mzungu, kisha akaandika hivyo hivyo chini ya video yangu. Ninaomba ieleweke kwamba fomu za kuongeza kibali cha kuishi huuliza habari za makosa na adhabu. Siwezi kuhatarisha maisha ya familia yangu kwa ajili ya podi moja.

Majina ya magonjwa nayo yanachanganywa sana. "Mapafu ya bisi" ni jina lililotokana na wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani, waliogundulika mwaka 2000 kuwa wameharibika njia ndogo za hewa kwa kuvuta dayasetili, kemikali inayotoa ladha ya siagi. Kemikali hiyo hairuhusiwi katika vimiminika vya vepu hapa Uingereza, na shirika la Cancer Research UK linasema hakuna mgonjwa aliyethibitishwa kuupata kwa sababu ya vepu. EVALI ni jambo tofauti: ni jina lililotolewa na mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, mwaka 2019, kwa maradhi ya mapafu yaliyolaza watu 2,807 na kuua 68 kufikia Februari 2020, yakihusishwa hasa na vimiminika vya vepu vyenye bangi vilivyochanganywa na asetati ya vitamini E. Kwamba majina hayo mawili hayaihusu kila vepu hakumaanishi kuwa vepu ni salama. Wataalamu wa huku husema ina madhara machache kuliko sigara kwa mvutaji anayehama kabisa, na husema pia kwamba haiwafai watoto wala wasiovuta. Aliye mvutaji na anataka kuacha amwone daktari wake, kwa maana hali ya kila mtu ni yake, na mimi ni muuzaji tu.

Wanaoiita vepu shisha ya kalamu wajue kwamba shisha, neno lenye asili ya Kiajemi kwa maana ya kioo, hutumia tumbaku na makaa, na vepu haina kimojawapo.

Kwa kaka na dada zangu wanaoomba niwawekee kimoja kwenye sanduku la ndugu anayesafiri, jibu langu ni hapana. Vifaa hivi vina betri za lithiamu, na sheria za usafiri wa anga haziruhusu viwekwe kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege. Abiria hukibeba mkononi na haruhusiwi kukichaji wala kukivuta njiani. Uganda ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wake kwa sheria ya mwaka 2015, na Oman nayo imepiga marufuku biashara yake, kwa hiyo anayeweza kupata matatizo ni yule shangazi mliyembebesha. Mwenye boksi anayetaka nimsomee anitumie picha ya upande wa nyuma, palipoandikwa asilimia na mililita, kwa sababu upande wa mbele mara nyingi hauna zaidi ya picha ya matunda.